Malaika wanaujua, Fadhili William hawamjui

Jumamosi moja hivi karibuni nilijihimu asubuhi na mapema, nikapanda matatu ya Barabara ya Jogoo na kuteremka karibu na uwanja wa michezo ambao tangu 2019 unaitwa kwa jina la mwanasoka Joe Kadenge, ingawa wengi wetu bado tunauita City Stadium. Hapo nilivuka barabara, nikaingia mtaa wa Kaloleni kwa miguu. Nilikuwa nimesikia kwamba vijana wa mitaa ya Eastlands wameandaa tamasha la muziki na sanaa la siku nzima, tena bila kiingilio. Mtu aliyelelewa mitaa hii hawezi kusikia habari kama hiyo akabaki nyumbani akitazama dari.

Msomaji asiyeijua Kaloleni yafaa aelezwe kidogo. Mtaa huu ulijengwa na wakoloni katika miaka ya 40 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika waliokuwa na jamaa zao. Jambo hilo halikuwa la kawaida Nairobi ya wakati ule, kwani Mwafrika alitakiwa aje mjini peke yake, afanye kazi, kisha arudi kwao. Mtaa ukapewa na ukumbi wake. Wanasiasa waliunguruma humo, maarusi walisherehekewa humo, na Jumamosi usiku madansi yalichezwa humo mpaka viatu vikaisha visigino. Pumwani nako kulikuwa na ukumbi wake, na Makadara vilevile. Kabla ya redio kuwa kitu cha kila nyumba, kumbi hizi ndizo zilizomfanya mtu wa Shauri Moyo aujue wimbo mpya sawasawa na mtu wa Bahati.

Basi nilipofika nilikuta shughuli imekwisha kuanza. Chini ya miti walikuwa wachoraji, kila mmoja na turubai yake, na mmoja alikuwa akichora ukutani picha ya mwanamke amebeba ndoo ya maji huku nyuma yake magorofa yanachomoza. Pembeni kijana wa jua kali alikuwa ameunda simba wa vyuma chakavu, meno yake yametokana na plagi za magari. Wanasarakasi walipandiana mabegani hadi roho ikanidunda. Baadaye wakaja wapiga isukuti, na hapo akina mama waliokuwa wakikaanga mandazi waliacha makarai yao na kuingia uwanjani. Vijana wa kughani kwa Sheng nao walikuwa na zamu yao. Nusu ya maneno yao yalinipita kando, nami sioni aibu kusema hivyo, lakini hasira yao kuhusu kodi za nyumba na polisi wa usiku niliielewa vizuri.

Nilikula chapati kwa maharagwe, nikatafuta mahali pa kukaa kwenye benchi karibu na jukwaa. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja wa makamo ya juu, mwenye kofia ya kitambaa na bakora. Tulisalimiana, tukaulizana za kwetu, tukagundua sote ni watu wa Eastlands tangu utotoni. Ndipo kwaya ya watoto wa shule ilipopanda jukwaani.

Watoto hao waliimba wimbo wa Malaika. Waliuimba kwa sauti tatu, polepole, bila ala yoyote ila gitaa moja alilolipiga mwalimu wao. Uwanja mzima ulinyamaza. Hata wale vijana wa Sheng walisimama kimya, na wengine walionekana wakitikisa midomo, kwani maneno ya wimbo huu nani asiyeyajua? Walipomaliza, makofi yalidumu. Kisha mfawidhi wa sherehe, kijana mchangamfu mwenye miwani meusi, alishika kipaza sauti na kuwaambia watu kwamba huo ulikuwa wimbo wa marehemu Miriam Makeba wa Afrika Kusini, aliyeutungia Afrika nzima.

Mzee jirani yangu hakusema neno. Alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimemdondokea humo, kisha akaivaa tena.

Mimi nilishikwa na uchungu. Si kwamba namdharau Makeba, la hasha. Mama yule alikuwa na sauti ambayo haitapatikana tena, na mwaka 1962 alikuja hapa Kenya kuunga mkono uhuru wetu wakati ambapo wengi walikuwa bado wanatuogopa. Lakini kusimama Kaloleni, hatua chache kutoka katika ukumbi wetu wenyewe, mbele ya watoto wa Nairobi, na kusema kwamba Malaika ulitoka Johannesburg! Wimbo huo ulirekodiwa kwa mara ya kwanza katika mji huu huu wa Nairobi, na aliyeuimba alikuwa Mkenya aitwaye Fadhili William.

Jina lake kamili ni Fadhili William Mdawida, na jina hilo la mwisho linatosha kumwonyesha mtu alikotoka, maana Wadawida ndilo jina ambalo watu wa Taita hujiita wenyewe. Alizaliwa huko Taita mwaka 1938. Hakuwa wa kwanza kuacha milima ile na kuja Nairobi kutafuta maisha, lakini yeye alichokuja nacho ni gitaa na sauti nyororo isiyo na haraka. Kijana wa miaka ishirini na ushei, mwishoni mwa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 na kuondolewa mwaka 1960, alikuwa akiingia katika mji uliokuwa na kiu ya kucheza. Watu walikuwa wamefungiwa kwa miaka mingi. Vipande vya kutembelea vilikuwa vimetiwa shingoni na msako wa Aprili 1954 ulikuwa umewazoa watu kwa maelfu. Mitaa ya Eastlands iliuonja msako ule kuliko sehemu nyingine yoyote ya mji.

Fadhili akawa na kundi lake lililoitwa Jambo Boys. Mnamo 1960 kundi hilo lilirekodi Malaika. Wimbo wenyewe ni wa kijana anayempenda msichana na angependa amwoe, lakini mfuko wake hauna kitu na mahari haimngoji. Hakuna kitendawili ndani yake. Kila kijana aliyekuwa akilipwa mshahara wa juma katika viwanda vya Nairobi, akatuma nusu nyumbani na nusu ikaliwa na kodi, alijiona humo. Nadhani ndiyo maana ulipenya haraka hivyo. Mimi niliusikia kwanza nikiwa mtoto, kwenye gramafoni ya jirani yetu, naye alikuwa kapera wa miaka arobaini.

Wakati huohuo biashara ya sahani za santuri ilikuwa ikibadilika. Mzungu mmoja aitwaye Charles Worrod alinunua kampuni ya kurekodi iliyokuwa hapa Nairobi, akaiita Equator Sound Studios, na akawakusanya wanamuziki chini ya dari moja wawe bendi ya studio. Fadhili William alikuwa mmoja wa viongozi wao. Walikuwemo humo Daudi Kabaka, aliyezaliwa Uganda kwa wazazi Waluhya na ambaye alikuja kutuchezesha twisti ya Kiafrika. Gabriel Omolo, ambaye wimbo wake wa Lunch Time ulitamba sana katika miaka ya 70. Na wale ndugu wawili wa kazi kutoka Zambia, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Hebu fikiri, msomaji: Mtaita, Mluhya, Mjaluo na Wazambia, wote wanaimba kwa Kiswahili kimoja, na sahani zao zinauzwa toka Kampala hadi Dar es Salaam. Haikuwapo wizara iliyowaamuru kufanya hivyo. Ilikuwa ndiyo lugha ya mitaa waliyokaa, na ndiyo lugha ya mnunuzi.

Nchi ikapata uhuru Desemba 1963, na nyimbo za kina Fadhili na Kabaka zikawa ndizo zinazosikika katika redio asubuhi hata usiku. Lakini Malaika haukukaa hapa. Mwaka 1965 Makeba pamoja na Harry Belafonte wa Marekani waliuimba katika sahani yao ndefu, na sahani hiyo ikashinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mwaka 1967 vijana wa Sweden walioitwa Hep Stars waliurekodi kwa Kiswahili chao cha kubahatisha, na mpiga kinanda wao, Benny Andersson, ndiye huyo aliyekuja kuwa mmoja wa ABBA. Boney M nao waliuchukua mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin akautia katika sahani yake ya 1991. Na nani atahesabu bendi za mahoteli ya pwani, kuanzia Malindi hadi Diani, zilizowaimbia watalii wimbo huo kila jioni kwa miaka zaidi ya 50?

Kila ulipopita, jina la mwenyewe lilizidi kufifia. Katika majalada ya nje mtunzi aliandikwa huyu mara huyu, na mara nyingine wimbo uliitwa wa kienyeji, maana yake hauna mwenyewe, umeokotwa porini kama kuni. Neno hilo limewagharimu watunzi wetu fedha nyingi kuliko wezi wote wa River Road. Wimbo ukishaitwa wa kienyeji, hakuna anayetakiwa kulipa.

Fadhili aliupigania. Yapo malipo aliyopata kwa kuwa wa kwanza kuurekodi, na katika hilo alisaidiwa na kuwa na kampuni iliyoandika jina lake mapema. Lakini ukilinganisha alichopata na safari ambazo wimbo wake umesafiri, ni kama mkulima wa kahawa wa Kiambu anayesikia bei ya kikombe kimoja huko Ulaya. Katika miaka ya 80 aliondoka, akaenda kuishi Marekani, na huko alikaa miaka mingi. Katika miaka ya 90 alirudi nyumbani. Wakati huo disko zilikuwa zimezifukuza bendi kumbini, na vijana walikuwa wanaanza kughani. Fadhili alifariki Nairobi tarehe 11 Februari 2001, akiwa na umri wa miaka 62. Kabaka, mwenziwe wa Equator, alimfuata mwaka ule ule.

Basi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi nikiyawaza hayo yote, huku jukwaani kundi la maigizo likichekesha watu. Mwishowe uchungu ulinishinda. Niliinuka, nikazunguka nyuma ya jukwaa kumtafuta yule mfawidhi. Nilimkuta akinywa soda. Alinipokea kwa adabu, akaniita mzee, akanitafutia kreti nikalie. Nilimweleza kwamba amekosea, kwamba Malaika si wa Makeba, na nikamtajia mwenyewe.

Kijana yule hakubisha. Alitoa simu yake mfukoni, akaandika, akasoma. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Aliuliza kama nina hakika kwamba Fadhili ndiye aliyeutunga, maana mle kwenye simu ameona jina la mtu mwingine.

Hapo nilinyamaza kidogo. Alichokiona nilikijua, na kama nilitaka ukweli usemwe jukwaani, ilinibidi niuseme mwenyewe kwanza. Yuko Adam Salim, mwanamuziki wa Tanzania aliyezaliwa mwaka 1916, na wapo wanaoshikilia kwamba yeye ndiye aliyeutunga Malaika alipokuwa akiishi hapa Nairobi mwaka 1945 na 1946, kwa ajili ya msichana ambaye wazazi walimnyima. Miaka hiyo Fadhili alikuwa mtoto wa miaka saba au minane huko Taita. Kuna na wengine wa pwani waliotajwa. Fadhili mwenyewe alisema hadi mwisho kwamba wimbo ni wake, na kwamba msichana alikuwapo kwelikweli.

Nani mkweli? Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na nitasema ninavyoona mimi. Kabla ya studio kuenea, wimbo ulikuwa ukitembea kwa midomo. Mtu aliusikia katika dansi Moshi, akauimba Mombasa, akabadili ubeti, mwingine akaongeza sauti. Wa kwanza kufika mbele ya kipaza sauti ndiye aliyeandikwa katika daftari la kampuni, na sheria huamini daftari. Sishangai kama Salim aliuimba wimbo wa namna hiyo mwaka 1945. Wala sishangai kama Fadhili naye aliumizwa na mahari akaona wimbo ni wake. Lakini Malaika ambao dunia inauimba, kwa mwendo ule na utulivu ule, ni ule uliotoka kooni mwa Fadhili. Makeba hakuuokota porini. Kila aliyeuimba baadaye amepita katika mlango ambao Fadhili aliufungua. Hilo nililitamka bila kigugumizi.

Nilimwongezea kijana jambo lingine, kwani alionekana kupendezwa. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kwa hiyo kama Fadhili ndiye mtunzi, haki yake katika Malaika itakwisha mwishoni mwa 2051. Lakini rekodi yenyewe, ile sauti iliyo katika sahani, hulindwa miaka 50 tu tangu iliporekodiwa. Sauti ya Fadhili ya mwaka 1960 imekwisha kuwa mali ya kila mtu. Utunzi una mwenyewe, sauti haina. Kijana alicheka, akasema kwamba yeye pia ana nyimbo tatu alizorekodi katika chumba cha rafiki yake huko Umoja, na hajui daftari lake liko wapi. Nilimuuliza kama ameziandikisha popote. Hakuwa ameziandikisha. Alikuwa hata hajaandikiana na huyo rafiki aliyetengeneza midundo, na moja ya nyimbo hizo ilikuwa tayari inapigwa ndani ya matatu za Kayole bila jina la mtu yeyote.

Tulizungumza zaidi ya nilivyokusudia. Msaidizi wake alikuja mara mbili kumwita. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba kabla ya siku kwisha amtaje Fadhili William jukwaani. Alinijibu kwamba ratiba imejaa, kuna bendi mbili na ugawaji wa zawadi za wachoraji, ila atatazama.

Nilirudi kwenye benchi. Mzee alikuwa amenishikia nafasi kwa bakora yake. Nilimweleza niliyoyafanya, naye akaniambia kwamba aliwahi kumwona Fadhili akiimba, wakati wa ujana wao, na kwamba alichokumbuka zaidi ni kuwa mtu yule alikuwa akiimba huku amefumba macho, kama hayuko na watu. Sijui kama kumbukumbu hiyo ni ya kweli au uzee umeipamba. Niliipokea ilivyo.

Jua likaanza kushuka nyuma ya magorofa ya mjini. Mchoraji wa mwanamke mwenye ndoo alipata zawadi ya kwanza, na nilifurahi. Bendi ya mwisho ilipiga zilizopendwa, na wazee wachache tuliokuwapo tulinyanyuka tukajitikisa kadiri mafuta ya magoti yalivyoruhusu. Wale watoto wa kwaya walikuwa wakicheza mbele kabisa, sare zao zimejaa vumbi. Binti mmoja miongoni mwao alikuwa bado akiivumisha Malaika peke yake, bendi ikipiga wimbo mwingine kabisa.

Watu walikuwa wameanza kutawanyika, na mafundi wanakunja nyaya, ndipo yule mfawidhi aliposhika kipaza sauti kwa mara ya mwisho. Aliwashukuru akina mama wa chakula, akawashukuru polisi, akatangaza simu iliyookotwa. Kisha akasema kwamba mchana alikosea, kwamba Malaika ulirekodiwa kwanza hapa Nairobi, na watoto waende nyumbani wakilijua jina la aliyeuimba. Alilipindua, akasema William Fadhili. Mzee mwenzangu alinitazama, nami nikamtazama.

Sikurudi nyuma ya jukwaa kumsahihisha mara ya pili. Mwalimu wa kwaya alikuwa ametoa kalamu na alikuwa akiandika jina hilo nyuma ya karatasi ya ratiba, nikamwendea yeye, nikamwonyesha jinsi linavyoandikwa, pamoja na Mdawida.